Sista Eufrasia na Hesabu ya Giza Tatu

Tarehe 30 Juni 2025, saa tisa na nusu alasiri, Sista Eufrasia Bitungwa, Muuguzi Mkunga wa kituo chetu, atarudisha funguo za chumba namba tatu na kuwa mstaafu rasmi baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Tumeandika mpaka saa kwa sababu tunamfahamu. Tusipoandika, Julai mosi asubuhi tutamkuta kwenye benchi la kliniki akiwahoji akina mama.

Alizaliwa Kalinzi, kwenye migomba na mibuni, mbali na maji yoyote yanayozidi kina cha ndoo. Mwaka 1991 alipangiwa Simbo, akakaa huko miaka kumi na miwili akizalisha, akichanja watoto na kugombana na waume wanaomleta mke kwenye pikipiki uchungu ukiwa umeshakolea. Mwaka 2003 akahamishiwa kwetu Bangwe, ambako ziwa liko mlangoni. Wazee wa hapa wanaikumbuka wiki yake ya kwanza. Alikuwa akitembea upande wa juu kabisa wa barabara, kama vile Tanganyika ingenyoosha mkono imkamate mguu. Mpaka leo hajui kuogelea, na hana mpango wa kujifunza.

Ukimsalimia asubuhi atakujibu kwa Kiswahili safi. Akianza kuudhika, maneno ya Kiha yanaingia moja moja. Akiudhika sana ananyamaza, na hapo ndipo wafanyakazi wote, Mganga Mfawidhi akiwemo, hukumbuka kwamba wana kazi kwenye jengo lingine.

Kitu kimoja kilimuudhi kuliko vyote: mwanamke aliyekuja kliniki akitabasamu, mimba ya miezi mitano, kuomba vidonge vya foliki. Mwingine angempongeza. Sista Eufrasia alimtazama, akamuuliza alikuwa wapi miezi minane iliyopita. Wengi walidhani Sista amekosea hesabu. Hakukosea. Uti wa mgongo wa mtoto hufunga katika wiki nne za mwanzo, mama mwenyewe akidhani amechelewa siku zake tu. Kwa hiyo vile vidonge vidogo vya njano vinatakiwa kuanza mapema, miezi mitatu kabla ya mimba ikiwezekana, kisha viendelee mpaka miezi mitatu ya mwanzo iishe. Kuvianza mwezi wa tano, alikuwa akisema, ni kutia chumvi ubwabwa uliokwisha kuliwa.

Sasa, jamani, nendeni mkawaambie hayo watu wa Ujiji na Bangwe! Sisi mimba hatuitangazi mpaka itokeze yenyewe, sembuse mimba ambayo haijaingia. Sista akaamua kuwafuata watu huko huko waliko. Hakuna arusi aliyoalikwa ambayo hakwenda, na zipo chungu nzima ambazo hakualikwa. Wenzake walitunza khanga na vyombo, yeye alifika mbele ya bibi harusi akicheza vizuri tu, akamtunza vitenge viwili, na ndani ya pindo la kimoja amefunga foliki za mwezi mzima na karatasi ya maelezo. Dada yangu mwenyewe alitunzwa hivyo mbele ya wakwe. Hakutoka nje wiki nzima. Ikafika mahali maharusi wa Ujiji wakimwona sokoni wanajificha nyuma ya mafungu ya migebuka, samaki wetu wa ziwani.

Mimi ninayeandika haya, Hamdani, ni mtunza dawa wa kituo. Miaka kumi na minne nimekaa nyuma ya dirisha dogo nikimhesabia Sista vidonge, na ninatoa ushahidi wa jambo ambalo yeye mwenyewe hapendi lisimuliwe. Ameniruhusu kwa sharti kwamba niandike wazi kuwa kosa lilikuwa lake. Haya, nimeandika.

Mwaka 2017 alikuja Hasna binti Saidi, mke wa Gharib, mvuvi wa dagaa wa hapa hapa Bangwe. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa na mgongo wazi, akaishi siku tisa. Hasna alitaka kujua jambo moja tu, kama wa pili naye atakuwa hivyo, kwa sababu kama ni hivyo yeye hataki tena, na kama hataki tena hajui ndoa yake itasimama kwa mguu gani. Sista hakumdanganya. Alimwambia hatari ipo, tena kubwa kuliko ya mwanamke mwingine, ila inaweza kupunguzwa sana. Akampeleka mwenyewe kwa daktari hospitalini, akaandikiwa foliki ya nguvu zaidi. Maelezo yalikuwa kumeza kila siku miezi mitatu, na mimba isiingie kabla ya hapo. Mimi nikamhesabia vidonge sitini, arudi baada ya miezi miwili kuchukua vingine.

Alirudi siku ile ile aliyopangiwa, saa ile ile. Akaweka kopo dirishani. Nikalitikisa, likalia kama njuga. Nikahesabu vilivyobaki: arobaini na kimoja!

Hasna alishangaa kuona tunashangaa. Akaeleza taratibu, kama mtu anayewafundisha watoto. Gharib wakati wa giza, usiku ukiwa hauna mwezi, yuko kambini, huko kusini, anavua kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa, basi anarudi nyumbani siku tisa, kumi. Hii si dawa ya kutafutia mtoto? Sasa mume yuko ziwani, yeye anaimeza ya nini? Apoteze dawa ya serikali bure? Alikuwa akimeza siku ambazo mume yupo, tena bila kukosa hata moja. Akaongeza kwamba si yeye peke yake, wanawake wote wa wavuvi wanameza hivyo hivyo, wameshaelekezana.

Sista Eufrasia alikaa kwenye benchi la wagonjwa. Hakusema Kiswahili, hakusema Kiha. Miaka kumi na minne alikuwa amewafundisha wake za wavuvi kama anavyofundisha wake za wakulima wa Kalinzi, ambao mume akitoka shamba jioni yuko nyumbani, mwaka mzima. Hakuwahi hata siku moja kumuuliza mwanamke wa Bangwe mume wake analala wapi wiki mbili tatu za giza. Sisi wengine tuliokuwa pale tulizaliwa hapa, tunajua giza na mbalamwezi tangu utotoni, na hakuna aliyefikiria kumwambia. Kwa hiyo aibu tugawane.

Lakini aibu ilikuwa na muda wake, na siku zilikuwa zimekwisha. Mbalamwezi ilikuwa inakuja, Gharib angerudi baada ya siku tatu, na mama yake, Bi Mwamini, alikuwa ameshahesabu kwa vidole kwamba safari hii ndiyo. Alikuwa ameshanunua kuku. Mimba ikiingia wakati ule, Hasna angeibeba miezi tisa akiota mgongo wa mtoto.

Asubuhi ya siku ya tatu, mitumbwi ikiingia, Sista alionekana mwaloni na viatu vyake vyeupe na kikapu. Wavuvi walidhani amekuja kununua dagaa. Alimwita Gharib, na kwa sauti ile ile anayoitumia kuita majina kliniki akamwambia kwamba hesabu imeharibika, inaanza upya, mke wake ameze giza tatu kamili, na mpaka hapo asimkaribie bila kinga. Kisha akatoa kwenye kikapu boksi zima la kondomu. Mwalo mzima ulikufa kwa kicheko. Gharib, maskini, hakuwa na pa kujificha isipokuwa mtumbwini, akaruka humo na kuanza kupiga kasia. Basi Sista Eufrasia, mwanamke anayepita mbali na dimbwi la mvua, akamfuata. Akaingia ziwani na viatu, maji magotini, maji kiunoni, boksi ameliinua juu ya kichwa, akilitaja kila jina la Kiha linalomfaa mtu mwoga. Akalitupa ndani ya mtumbwi. Kisha akagundua yuko wapi, akapiga ukunga, ikabidi Gharib huyo huyo aruke ndani ya maji ampeleke nchi kavu.

Mchana wake Bi Mwamini akatua kituoni, khanga imefungwa kiunoni kwa vita. Alitaka kumwona huyo nesi anayemgawia mwanawe kondomu aingie nazo kwenye ndoa yake ya halali, wakati yeye anasubiri mjukuu! Alisema mengi, mengine siwezi kuyaandika kwenye jarida la watumishi. Sista alimwacha amalize. Halafu akamweleza kidonge kinafanya kazi gani, na mgongo unafunga lini. Bi Mwamini ndiye aliyemwosha yule mtoto wa siku tisa, kwa mikono yake. Aliposikia neno mgongo alikaa, akafungua fundo la khanga. Akauliza ni giza ngapi. Akaambiwa tatu, na mbalamwezi zake ndani, mume awepo asiwepo, dagaa wawepo wasiwepo.

Kuanzia siku ile Hasna alimezeshwa. Kopo lilihamia kwa mkwe. Kila asubuhi Bi Mwamini alisimama mbele ya mkaza mwana na kikombe cha uji, akimtazama koo mpaka kidonge kipite, kisha anamwambia afungue mdomo ahakikishe. Gharib akirudi kutoka kambini alikaguliwa kuliko abiria bandarini. Na pale kliniki Sista alifuta kalenda yake ukutani, akachora miezi kwa chaki, myeusi na myeupe. Mgeni mmoja kutoka mkoani aliuliza kama tumeanzisha unajimu.

Giza la tatu likapita. Mimba ikaingia muda wake, vidonge vikaendelea, na picha ya hospitali ikaonyesha mambo ni mazuri. Hasna akasema picha si mkono. Siku ya kujifungua alipelekwa hospitalini, kama daktari alivyoagiza, na Sista Eufrasia aliomba ruhusa aende naye. Bi Mwamini alikuwa nje ya mlango, nami nilikuwa nje pia, sijui nani aliniita. Mtoto akalia. Winfrida, muuguzi wa zamu, ametusimulia yaliyotokea ndani: Sista hakutazama kama ni wa kike au wa kiume. Alimlaza kifudifudi kiganjani, akapitisha kidole taratibu kuanzia shingoni mpaka chini, akarudia, akarudia tena mara ya tatu. Kisha akamshika Hasna mkono, akakipitisha kidole cha Hasna mwenyewe pale pale. Nje Bi Mwamini alikuwa akigonga mlango akiuliza mgongo, mgongo je. Alipojibiwa kwamba umefunga alikaa chini sakafuni akalia kwa sauti, na mimi, sioni haya kusema, nililia naye.

Ni msichana, Safina, sasa ana miaka saba na hatulii. Amefuatiwa na wadogo wawili. Na Bangwe siku hizi ukileta habari ya mtoto kuzaliwa, swali la kwanza si wa kiume au wa kike, ni mgongo.

Yapo mengine. Sista amefundisha wakunga vijana kumi na mmoja, ana cheti cha mfanyakazi bora mara tatu, na ameacha wake za wavuvi ambao hawahitaji tena kufuatwa kwenye arusi, wanakuja wenyewe. Orodha kamili iko ofisini kwa anayeitaka.

Hasna aliposikia ninaandika alikuja dirishani kuomba mistari michache. Anasema alipozaa mara ya kwanza, watu walimuuliza alikula nini, alimkosea nani, amerogwa na nani. Sista Eufrasia peke yake ndiye aliyemuuliza mtoto anaitwa nani. Ameomba jina hilo tuliandike hapa, kwa sababu halijawahi kuandikwa popote. Anaitwa Abdul.

Asante, Sista. Nenda salama kwenye migomba yako, mbali na maji. Watumishi wote wa kituo tunakuombea siku nyingi kuliko vidonge vyote nilivyokuhesabia.