Siku Mbwa Wangu Alipokula Maharage Kabla ya Ndege

Wapendwa wa kanisa la Whitehall, shusheni miguu. Huyu aliyelala chini ya kiti changu haumi mtu, wala hali sadaka. Yuko kazini, na kazi yenyewe ni mimi.

Mnaonifahamu mnajua mimi ni mtu wa nyumbani. Kule Louisville, mtaani kwetu Beechmont, mume wangu alizoea kusema, "Siku tukitupa kochi hili, tutakutupa nalo." Nilicheka, lakini haukuwa uvivu peke yake. Nina kifafa. Niliwahi kuanguka ndani ya basi, nikazinduka abiria wamenizunguka, wengine wananipiga video. Toka hapo nikaacha kazi ya kufunga maboksi, kanisani sikuonekana, hata mkate nikaletewa mlangoni.

Kisha mdogo wangu wa Buffalo akapata mchumba. Akanipigia simu. "Dada, mama hayupo tena. Usipokuja wewe, nani ataniingiza kanisani? Niingie peke yangu kama naingia zamu?"

Wakati huo nilikuwa nimepewa huyu mbwa, naye bado mwanafunzi. Nikianguka, ananilalia ubavuni mpaka nizinduke. Mwalimu wake, mama mmoja Mmarekani, akaniambia ndege ina masomo yake: mbwa ajikunje miguuni pangu bila kutokeza hata mkia, apite mlango wa ukaguzi peke yake nikimwita, ajizuie hadi tutue. Na asubuhi ya safari asile kitu.

Kina mama wa ushirika wakageuza sebule yangu kuwa ndege. Viti vikapangwa viwili viwili. Mmoja akasukuma toroli la dukani, "Chai au soda?" Mwingine, mnene kama mimi, akawa abiria wa dirishani anayetaka msalani kila saa. Wakapiga vigelegele, wakaangusha masufuria. Mbwa kimya! Ndugu zangu, nawaambia, aliyekuwa anaruka ni mimi.

Siku ya safari, shangazi wa mume wangu alikuwa amelala kwetu. Nanyi mnatujua: msafiri haondoki kwetu na njaa. Nilipokuwa naoga, akampakulia mbwa maharage ya jana, sahani imejaa.

"Shangazi, umefanya nini?"

"Nimwache aende hadi Buffalo na tumbo tupu? Amemkosea nani?"

Basi, kwenye foleni ya ukaguzi maharage yakadai haki yao. Sitaeleza zaidi, tuko kanisani. Mwalimu, aliyekuwa anasafiri nasi, alifuta sakafu. Mimi niliomba radhi kwa Kirundi, Kiswahili na Kiingereza changu cha shule ya kambi ya wakimbizi. Ndege ikaondoka bila sisi. Nikamwambia mwalimu, "Nirudishe nyumbani. Na mbwa wako mchukue, mimi siwezi..." Sikumaliza. Nikaanguka.

Nilipozinduka, huyu alikuwa amenibana ubavuni, tumbo lake mwenyewe bado linanguruma. Watu walikuwa wanatupita na mabegi yao. Wakimwona mbwa yuko kazini, wanazunguka, wanaendelea. Mwalimu alikuwa amekaa sakafuni karibu nami.

"Ulikuwa unaogopa kuanguka mbele za watu," akasema. "Umeshaanguka. Sasa umebaki unaogopa nini?"

"Njaa," nikamwambia. Tukacheka mpaka afisa akaja kutazama kama tu wazima.

Nilipopumzika na kupata nguvu, tukapanda ndege ya jioni. Angani mbwa alilala fofofo. Aliyeshikwa mkono na mwalimu ni mimi. Kesho yake nilimwingiza mdogo wangu kanisani, mbwa upande huu, bibi harusi upande ule.

Akaninong'oneza, "Dada, tafadhali usianguke."

"Nikianguka, niruke uendelee. Bwana harusi anakusubiri wewe, si mimi."

Namshukuru Mungu, na mume wangu aliyenivumilia mimi na kochi. Nawashukuru kina mama kwa ile ndege ya sebuleni, na mwalimu aliyekaa nami chini. Shangazi naye nimemsamehe, ila mbwa anamtafuta mpaka leo.

Kama kuna mgonjwa hapa anayesubiri apone kwanza ndipo afungue mlango, anitazame vizuri. Mimi sijapona. Nimetoka tu.