Jenista Namwinga na Njia ya Panya Iliyofika Ulaya

Wasikilizaji wapendwa, salamu kwenu popote mlipo. Mlio Tunduma na Vwawa, mlio Mbangala na Ikinga, na ninyi wenzetu wa Nakonde ambao sauti hii huwafikia kila siku bila kugongewa muhuri. Sogezeni viti karibu na redio. Leo tunamkumbuka Mheshimiwa Jenista Namwinga, diwani mstaafu wa viti maalumu, aliyetutoka Jumapili iliyopita.

Narudia kwa waliochelewa: Jenista Namwinga. Yule mwenye duka la vitenge karibu na stendi. Yule mwenye sauti. Mumewe, Mzee Barnaba, anasema, "Mama huyu akininong'oneza ndani, jirani anaitikia."

Alizaliwa kijijini huko Momba, kwa wakulima wa mahindi na ufuta. Aliolewa Tunduma. Mdogo wake, Violet, akaolewa Nakonde, upande wa Zambia. Ndugu wa Kinamwanga ndivyo walivyo, shangazi upande huu, mjomba upande ule, na mpaka umepita katikati ya ukoo kama uzi kwenye kitenge.

Sasa wapendwa, hapa nawaomba utulivu kidogo. Violet alipokuwa na mimba yake ya pili, uchungu ulimshika vibaya. Wauguzi wa kule wakasema apelekwe haraka hospitali ya upande wetu. Gari la wagonjwa la kule halikuwa na kibali cha kuvuka. Ilibidi ashushwe mpakani, apokelewe na gari la huku. Na gari la huku lilikuwa limenasa kwenye foleni ya malori.

"Walinilaza kwenye machela katikati ya matairi," anakumbuka Violet. "Dada alikuja mbio akanishika mkono. Akawa anayafokea malori kama anafukuza ng'ombe shambani. Hayakusogea."

Violet alipona. Mtoto hakuishi.

Tangu siku hiyo Jenista alikuwa na hoja moja tu. Gari la wagonjwa livuke moja kwa moja. Aligombea udiwani kwa hoja hiyo, na kila baraza lilipokaa alisimama nayo. Na kila aliposimama alijibiwa kwamba jambo hilo ni la nchi mbili, na kwamba baraza la huku haliwezi kukaa rasmi na baraza la kule bila ruhusa kutoka juu. Barua zilikwenda, barua zilirudi. Madiwani wenzake wakaanza kutabasamu kila anapoinuka. "Haya, gari limeshawashwa," walisema.

Ndipo ukaja mwaliko. Huko Ulaya, wapendwa, mabaraza ya mikoa ya nchi mbalimbali yana mitandao ya ushirikiano. Mkoa wa nchi hii unashirikiana na mkoa wa nchi ile kwenye barabara, maji, hospitali. Mtandao mmoja wa mikoa ya mpakani ulitaka kumwalika mgeni kutoka mpaka wa Afrika. Jina lililopitishwa lilikuwa la mwenyekiti wa baraza, Mheshimiwa Andongwisye. Suti ilishonwa. Safari ilipokaribia, mwenyekiti akaugua tumbo.

"Dada Jenista, tumbo limekataa," alimwambia.

"Tumbo, mwenyekiti, au mawingu?"

Mwenyekiti, ambaye ndege aliiogopa, akamkabidhi mwaliko. Jenista akapanda ndege yeye, na kahawa ya Mbozi begani.

Baridi ya huko ilimkuta hajajipanga. Alivaa kitenge juu ya kitenge juu ya kitenge, akaingia ukumbini akiwa mnene kuliko picha yake ya pasi. Akapewa vifaa vya kuweka masikioni ili asikie tafsiri. Zamu yake ilipofika alisimama, akaeleza habari za malori, foleni na wagonjwa. Kisha, akimaanisha vichochoro vya kuvukia mpaka bila muhuri, akasema maneno ambayo kila mtu wa Tunduma angeyaelewa: "Kwetu mambo yakizidi, tunapita njia ya panya."

Mkalimani alikuwa mtu wa elimu nzuri, ila Tunduma hajawahi kufika. Akalitafsiri neno kwa neno. Njia ya panya. Ukumbi mzima ukaguna kwa huruma. Kalamu zikakimbia. Kabla ya chakula cha mchana, mabaraza ya mikoa yakapitisha azimio la kuwasaidia wananchi wa Tunduma, ambao barabara zao zimetekwa na panya.

Watu wote wakapiga makofi. Jenista alikuwa amekwishavua vifaa vyake masikioni, vilikuwa vinambana. Naye akapiga makofi.

Mwaka uliofuata, wageni wakaja. Aliyewaongoza ni Bwana Joris, rais wa baraza la mkoa mmoja wa huko, cheo kama cha mwenyekiti wetu. Neno hilo "rais" lilivuja mtaani, na mitaro iliyokuwa imeziba tangu masika ikazibuliwa siku moja. Pamoja naye alikuja mtaalamu wa panya na masanduku ya mitego.

Mkalimani safari hii alikuwa Irene, mwalimu wa Kiingereza, mpwa wa Jenista. Yeye ndiye aliyetusimulia.

"Walikaa, wakanywa soda, kisha wakauliza panya hushambulia saa ngapi. Shangazi akaniuliza, panya gani? Nikamwambia, shangazi, wanasema ulisema mwenyewe."

Mwenyekiti Andongwisye akamwinamia Jenista. "Usikanushe, dada. Tupokee kwanza mitego."

Fikiria hali yake, msikilizaji. Akisema hakuna panya, wageni watafunga mizigo, na hoja ya gari la wagonjwa nayo itazikwa. Akisema wapo, atakuwa amedanganya juu ya jambo lililomgharimu Violet mtoto. Akasimama.

"Irene, mwambie Rais avae viatu vizuri. Nampeleka akaione hiyo njia."

Wakatoka wawili hao na Irene. Wakapita nyuma ya maduka, wakainama chini ya kamba ya nguo, wakapinda kwenye uchochoro. Mama mmoja akawapita na gunia la unga kichwani. Akapita kijana na kreti za soda kwenye baiskeli. Bwana Joris akawa anachungulia chini ya kuta, tochi mkononi, mchana kweupe.

"Anauliza panya wako wapi," Irene akasema.

"Mwambie panya ni sisi."

Irene alitafsiri. Bwana Joris akasimama kama nguzo. Kisha akaanza kucheka. Alicheka hadi akashika ukuta, naye Jenista akacheka, na ninyi mnamjua Jenista akicheka, mtaa mzima ulichungulia. Walipofuta machozi, Bwana Joris akaona bei za genge lililo mbele yao zimeandikwa kwa kwacha, fedha ya Zambia.

"Mwapoleni, bamayo," ilisema sauti nyuma yao, ikimsalimia mama kwa Kibemba. Alikuwa ofisa wa Zambia, mpole, mikono nyuma. "Mihuri yenu ya kuvuka tafadhali."

Hakukuwa na muhuri. Wakapelekwa ofisini, wakakalishwa kwenye benchi. Jenista akampigia simu mwenyekiti aje awatoe. Mwenyekiti Andongwisye alikuja upesi mno, akihema.

"Karibu, mheshimiwa," alisema ofisa. "Na wewe umepitia wapi?"

Akaongezwa kwenye benchi.

Ofisa alitaka mtu wa Nakonde wa kuwatambua. Akaitwa mwenyekiti wa baraza la kule, akafika na koti lake la kazini. Na hapo, wapendwa, ndipo Jenista alipokitazama chumba kile vizuri. Baraza la huku lilikuwa kwenye benchi. Baraza la kule lilikuwa mlangoni. Mabaraza mawili ambayo miaka yote yalikuwa yanaandikiana barua kuomba ruhusa ya kuonana.

"Shangazi aliinuka akafunga mlango," Irene anasema. "Akatamka, akidi imetimia."

Hata ofisa alicheka. Lakini Jenista alikuwa hacheki tena. Akawasimulia habari za Violet. Machela. Matairi. Mkono aliokuwa ameushika.

"Sikuwahi kumsikia akisema taratibu vile," Irene anasema. "Ilibidi nimsogelee ndipo nisikie. Nilitafsiri huku nalia."

Bwana Joris akaeleza kwamba kwao pia, mgonjwa alikuwa akihamishwa gari katikati ya daraja, kwenye theluji, kwa sababu hiyohiyo. Mabaraza ya pande mbili yalihangaika sana hadi mtandao wao ukawasaidia kuandika makubaliano. Akaahidi kuwaleta walioyaandika. Mwenyekiti wa Nakonde akasema yeye yuko tayari hata leo. Na ofisa pale mezani, bila kuulizwa, akasema, "Foleni ya upande wetu, niachieni mimi."

Waliachiwa jioni, kwa onyo. Bwana Joris alirudi Tunduma kupitia geti, akagongewa muhuri.

Msidhani mambo yaliisha siku ile. Ruhusa za juu zilichukua muda, na Jenista alifuatilia mpaka makarani wa Dodoma wakaitambua sauti yake kwenye simu kabla hajajitaja. Lakini yaliwezekana. Gari la wagonjwa linavuka. Nasema tena: linavuka moja kwa moja. Ile mitego nayo ilipelekwa kwenye maghala ya mahindi Mbangala, na habari tulizo nazo ni kwamba panya wa kweli wanajuta.

Mgonjwa wa kwanza kuvuka alikuwa mama wa Nakonde mwenye mapacha. Jenista alijipakia mbele bila kualikwa, akatoa kichwa dirishani, akayafokea malori. Dereva alimwomba, "Mama, punguza kidogo, king'ora hakisikiki." Mapacha walizaliwa salama. Violet alikuwa amesimama kando ya barabara siku hiyo, na gari lilipita mbele yake bila kusimama.

"Nililia," anasema Violet. "Kisha nikaenda kumpikia dada."

Kwa Mzee Barnaba, kwa Violet, kwa Irene na ukoo wote wa pande mbili, redio hii inatoa pole. Mungu awape nguvu, ampokee na mwenzetu, naye azoee sauti yake.

Nasi tuliobaki tujiulize ni hoja gani tumeiacha kwa sababu watu walitabasamu. Na wewe dereva unayenisikiliza ukiwa kwenye foleni sasa hivi, ukisikia king'ora nyuma yako, sogea pembeni. Usiulize mgonjwa ni wa upande gani.