Bado, Hajamaliza Kuimba

Wapendwa mliokuja kutushika mkono, nawasalimu kwa jina la Mungu aliyetoa pumzi na aliyeichukua. Mimi ni mdogo wake marehemu, yeye ndiye aliyeniachia ziwa, na shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo nikijikwaa mnivumilie, nikimsifu kupita kiasi mjue ni damu.

Kaka yetu, ambaye wengi mlimwita Mzee Bado, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mbao, mtoto wa kwanza wa seremala. Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya reli kuanzia 1959 hadi 1965, akafaulu hesabu, akachapwa sana kwa kutazama dirishani, maana huko nje kulikuwa na chiriku.

Mwaka 1968 aliajiriwa kupanga herufi kiwanda cha uchapaji, akastaafu tarehe 30 Juni 2011, na kila Jumamosi ya msimu wa joto aliongoza wapenzi wa ndege kwenye kichaka cha bwawani, akiwafundisha kumjua ndege kwa sauti kwanza, kwa sababu, alisema, majani hayana adabu, yanaficha.

Januari 1978, akiwa bado na kiburi cha ujana, alisikia mluzi kichakani, akatangaza mbele ya kundi zima kuwa ni ndege ambaye hajawahi kufika bwawani pale, na muuguzi mmoja, mgeni siku hiyo, akamwambia bado, kaka, hajamaliza. Hakumsikiliza. Ndege akauacha mluzi ule wa kuazima, akaimba kama shore, akaimba kama chozi, yule ndege mdogo mnyonya maua, mwisho akarudia sauti yake mwenyewe na kutokeza kifua cha rangi ya chungwa, kumbe kurumbiza, bingwa wa kuiga wenzake. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Kaka alinuna wiki nzima, halafu akaenda wodini kumwomba radhi muuguzi, radhi ikazaa posa, wakafunga ndoa tarehe 14 Aprili 1979, wakajaliwa watoto watatu. Tangu hapo hakutaja ndege kabla wimbo haujaisha, wala binadamu, ukimsengenya jirani alikujibu bado, na jina likamganda.

Moyo ulianza kumsumbua Septemba 2022. Mwezi huu daktari alitwambia tujiandae, naye akaomba jambo moja tu, amsikie kurumbiza wa bwawani mara ya mwisho. Mimi nilikataa, nikasema mgonjwa hatolewi nje juani, Mungu anisamehe, ilikuwa hofu yangu, si huruma. Shemeji hakuniuliza mara ya pili. Tarehe 20 Januari 2024 alimsukuma kwa kiti cha magurudumu hadi kichakani, nami nikafuata nyuma na watoto, mluzi ukaanza, binti yake akasema baba, chozi huyo, kaka akainua kidole. Wimbo ulikuwa mrefu na pumzi yake fupi, sote tukaomba kimoyomoyo imtoshe. Ikamtosha. Kurumbiza aliporudia sauti yake, kaka alimgeukia mkewe akasema, haya, sasa mtaje.

Alfajiri iliyofuata alituacha, mkono wake mkononi mwa shemeji.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliolala nasi sebuleni, wachapaji wenzake, na ninyi wa Jumamosi mliokuja na darubini zenu shingoni.

Kaka, wimbo umekwisha, sasa tunaruhusiwa kukutaja: ulikuwa mtu mwema. Pumzika, amani ya Mungu ikufunike.