Transista Aliyoichagua Nsimire: Maisha ya Mushagalusa Patient (1957–2025)

Marehemu Mushagalusa Patient alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 huko Kabare, Kivu ya Kusini, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba.

Shule ya msingi alisoma hukohuko Kabare, kisha akaingia chuo cha ufundi mjini Bukavu na kuhitimu mwaka 1977. Darasani, mwalimu mmoja aliwaonyesha taa ya mrija ikiwaka bila waya, imeshikwa tu mkononi karibu na koili, yaani waya uliozungushwa mara nyingi na kupitishwa umeme. Mushagalusa aliutunza mwanga ule kama mtu anayetunza ndoto, akiogopa kuisimulia isije ikapotea. Alifungua banda la kutengeneza redio katika mtaa wa Kadutu mjini humo, lakini koili yake mwenyewe hakuiunda. Kila kipuri kilikuwa na mteja anayekisubiri.

Tarehe 18 Agosti 1984 alifunga ndoa na Nsimire, mshonaji wa jirani. Nsimire alikuwa amepeleka redio ya baba yake bandani, akarudi kuiulizia mara tatu, ingawa ilikuwa imepona tangu siku ya kwanza. Mushagalusa naye hakumwambia. Walijaliwa Lydie na Olivier. Vita viliwatoa Bukavu mwaka 1998, wakaishi Uganda miaka kumi na miwili, na Novemba 2010 wakafika Sydney. Walianzia kitongoji cha Liverpool, wakahamia kile cha Doonside. Marehemu alifanya kazi ghalani hadi Februari 2022, alipostaafu na kuigeuza gereji ya nyumba yao kuwa karakana. Hatimaye akaanza koili yake.

Mei 2023 moyo wake ulianza kusitasita. Hospitalini Westmead aliwekewa kifuani kifaa cha kuongoza mapigo, na daktari akamkataza kabisa kukaribia chombo chochote cha kurusha cheche. Alirudi nyumbani, akanyamaza siku nne. Nsimire alimtazama akila bila kuonja, akaona kwamba ugonjwa ulikuwa umepata mlango wa pili. Siku ya tano, Lydie, ambaye ni muuguzi, alimuuliza daktari umbali ulio salama. Nsimire akauzidisha mara mbili, akaweka kiti cha plastiki mwisho wa uwanja.

"Baba Lydie, kaa pale," akamwambia. "Wewe sema, mimi nitafanya."

Kwa majuma kadhaa Nsimire, aliyezoea sindano na uzi, alijifunza kuunganisha waya kwa risasi ya kuyeyusha. Koili waliitoa kwenye televisheni kuukuu iliyoachwa kando ya barabara. Transista, kipuri cha kuwasha na kukata umeme wa koili, ilikuwa ile ya chuma, ya mviringo, aliyoiamini Mushagalusa tangu Bukavu. Alikuwa nazo tatu. Ya kwanza iliungua, kisha ya pili. Nsimire akauliza kosa liko wapi. Mumewe akaeleza kwamba transista ile ina nguvu ya kubeba mkondo mkubwa, lakini kila koili inapokatiwa umeme hurudisha teke, yaani volti nyingi za ghafla, na teke hilo ndilo linaloiua.

Nsimire alikaa na jibu hilo siku nzima. Kisha akaomba vitabu vya vipimo vya vipuri, akatafuta tarakimu. Ile ya chuma ilivumilia volti sitini. Ile nyeusi, iliyokuwa ndani ya televisheni ileile, ilivumilia mia saba.

"Tuweke hii," akasema. "Hii ilikuwa inapigwa hilo teke kila siku, na haikufa."

Mushagalusa hakuwa amewahi kumwachia mtu mwingine uchaguzi wa kipuri. Safari hii alikubali, akamwambia apunguze pia rezista, kipuri kinachobana mkondo, maana hiyo nyeusi inahitaji kusukumwa zaidi ndipo iamke.

Jumapili moja baada ya ibada, Nsimire aliteremsha mlango wa gereji nusu, giza likatanda ndani. Akawasha, akanyoosha mkono wenye taa ya mrija bila kuisogelea koili sana. Mwanga wa samawati ukajaa taratibu, kama maji yanavyopanda kwenye chupa. Akainama, akauona uso wa mumewe kule mbali uwanjani. Alikuwa amesimama, ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

"Mama Lydie," alisema, "ulichagua vizuri."

Aliishi miaka miwili zaidi, na hakunyamaza tena hivyo. Jumanne tarehe 17 Juni 2025, saa moja asubuhi, moyo wake ulisimama akiwa usingizini nyumbani Doonside. Nsimire alikuwa kando yake, akiwa ameshika mkono wake, akidhani mumewe anaota.

Ameacha mjane, Nsimire. Watoto wawili, Lydie na Olivier. Wajukuu wanne, mkubwa wao Keza. Na mdogo wake Masumbuko aliyeko Bukavu. Mjane ameomba iandikwe kwamba katika miaka arobaini na miezi kumi ya ndoa yao, hakuwahi kujutia safari zile tatu za kuulizia redio.

Bwana ampokee, na usingizi wake uwe wa amani.