CD Zangu Zilipata Kazi Kabla Yangu

Tumsifu Yesu Kristo. Kaeni, ndugu zangu, kaeni, msinisimamie kama mnasubiri mwili. Mwenyekiti wa jumuiya ameniambia niseme kwa kifupi. Ananijua, ndiyo maana amekaa hapa karibu ili anivute shati.

Wa rika langu mnanikumbuka. Nilikuwa na banda la video hapa hapa Lumemo, lile la mabati, lenye mabenchi ya mbao na pazia jeusi mlangoni. Nilikuwa natafsiri sinema kwa mdomo, nimeshika maiki. Kihindi sikijui. Kichina sikijui. Lakini hakuna aliyewahi kutoka mle akalalamika kwamba hakuelewa. Steringi, yule shujaa wa sinema asiyekufa, akifungua mdomo, mimi ndiye niliyemwamulia anachosema, na nawaambia, wengine niliwaboreshea. Mlikuwa mnalia mle ndani, mkitoka mnasingizia jasho. Msibishe, baadhi yenu nawaona.

Halafu zikaja simu kubwa. Mwanzo nilicheka. Nilisema, nani ataangalia sinema ndani ya kitu cha ukubwa wa kipande cha sabuni? Wakaangalia. Nikabaki na wateja wawili, na mmoja wao alikuwa anakuja kuchaji simu. Simu ndiyo inayoniua, nami nimeichomeka ukutani kwangu naichaji.

Nikauza. Runinga, deki, jenereta, mabenchi, vyote vikaenda. Banda lenyewe sasa ni la kuku. CD zilichukuliwa na mama mmoja mkulima, gunia zima. Nilimshukuru sana, nikadhani anapenda sinema.

Kuuza ni siku moja, ndugu zangu. Kinachouma ni kesho yake, unapoamka mapema, unaoga, unavaa, halafu unakumbuka huna pa kwenda. Nilijaribu bodaboda, nikawa nageuka nyuma kumsimulia abiria, tukaingia mtaroni. Nilijaribu samaki wa Malinyi, wakaniozea huku napiga stori na wateja. Mke wangu akawa ananitazama tu. Wanaume mnaujua ule utazamaji usio na maneno.

Ndipo baba mkwe akapiga simu kutoka Masagati, kule mbele ya Mlimba. Akasema kama mjini pameshindikana, tuhamie kwake, chumba kipo, atawahamisha mbuzi. Alisema kwa upendo kabisa. Lakini mwanaume mzima, na mke na watoto, kwenda kulelewa ukweni? Nile mhogo wa mkwe kila siku na kila siku nishukuru? Niliona aibu mpaka chakula kikanishinda. Mke wangu akasema tungoje mavuno ya mpunga. Yakiisha sina kazi, tunapanda treni. Akaanza kufunga vyombo.

Nikaenda mashambani kuomba kibarua chochote, nikafika kwa yule mama aliyechukua CD. Nawaambia, nilisimama pale nikaishiwa maneno, na mimi mnanijua. CD zangu zote, za Wahindi na za Wachina, zimetungikwa kwenye kamba juu ya mpunga, zinameremeta, zinafukuza ndege. Mimi natembea natafuta kazi, zenyewe ziko kazini.

Mama akaniambia ndege wameshazizoea, siku hizi wanatua papo hapo kwenye kamba. Anataka mtu wa kuamia, mtu mwenye sauti. Akanitazama juu mpaka chini. Nikapanda dunguni siku hiyo hiyo.

Kuamia mnakujua. Unakaa juu ya dungu, kile kichanja cha miti katikati ya shamba, kutwa nzima, kwelea kwelea wakishuka unapiga debe na kelele. Kwa kelele nilikuwa bingwa. Lakini kati ya kundi na kundi kuna upweke mbaya. Mwanzo nilikuwa nawasimulia ndege. Baadaye akina mama wa madungu ya jirani wakaniomba nipaze sauti, hawasikii vizuri. Mkosi ukaanzia hapo.

Nikaanza ile ya mama wa Kihindi aliyepotezana na mwanae gulioni. Nikaivuta, nikaivuta. Mchana mmoja tukafika pale mama anapouza mboga mbele ya jumba la tajiri, na tajiri ndiye yule mtoto, hawajuani. Madungu yote yakaachwa. Akina mama wamekaa kwenye tuta chini yangu, mmoja anajifuta machozi kwa kanga. Nami nimefumba macho, naigiza sauti ya mama. Nilipofumbua, mpunga wa majirani ulikuwa umebadilika rangi. Kwelea wamejaa shamba zima, wanakula kwa raha zao, hakuna anayewasumbua.

Tulipowafukuza, upande mzima ulikuwa umebaki mabua. Akina mama wakafanya kikao pale pale kwenye tuta. Mimi nimesimama, nimekwisha. Niliiona Masagati, niliwaona wale mbuzi wanatoka kunipisha. Nililia, sifichi. Mkubwa wao, mama mmoja asiyetaniwa, akawanyamazisha wote, akanigeukia.

"Kwanza tumalizie," akasema. "Alimtambua mwanae?"

Nikamalizia. Alimtambua kwa kovu. Wakashusha pumzi, wengine wakapangusa pua. Halafu yule mama akatoa hukumu.

"Mdomo wako umetutia hasara. Mdomo huo huo utauza kilichobaki."

Basi tukavuna, tukakoboa, nikasimamishwa mnadani mbele ya magunia. Kule nyumbani vyombo vimeshafungwa, mke wangu anangoja jibu tu. Nikaita "mchele, mchele" kama wengine, watu wakapita. Nikasema liwalo na liwe. Nikaanza kusimulia kwamba mchele huu ulikuwa mbegu yatima. Ulizikwa ungali hai. Mto ukafurika ukaufunika, ukatokea. Likaja jeshi la kwelea, likaua ndugu zake wote, tena huo haukuwa uongo. Lakini steringi hafi, yuko humu ndani ya gunia, anatafuta nyumba yenye sufuria. Watu wakasimama. Mzee mmoja akaniuliza kwa huzuni kama kweli ndugu wote walikufa. Nikamwambia, wote, mzee wangu, mchukue huyu usimwache peke yake. Akachukua.

Jua halijazama magunia yamekwisha. Akina mama wakaniambia mnada ujao niwahi, nisiwaaibishe. Mpaka leo nauza mchele wa kikundi chao, na nina fungu langu kama wao. Baba mkwe nilimpigia mwenyewe. Nikamwamkia, nikamwambia hatuji. Akasema afadhali, maana mbuzi walikuwa karibu kuzaa.

Nawashukuru akina mama wale. Baadhi wako hapa, wanajifanya hawanijui. Walikuwa na haki ya kunifukuza na hakuna ambaye angewalaumu. Namshukuru mke wangu. Alifunga vyombo kweli, lakini sufuria moja aliiacha nje, na kila alfajiri alinipikia uji kabla sijaenda dunguni. Hakuwahi kuniambia amekata tamaa.

Ninalowaachia ni hili. Kazi ikifa, izike. Lia, kula ubwabwa wa matanga, halafu ondoka makaburini. Mimi nilikaa pale muda mrefu nikidhani nimekufa mimi, kumbe lililokufa ni banda.

Na wewe ndugu yangu wa studio ya picha, sikutaji jina, uliyekaa mlangoni ili utoke kabla watu hawajakuuliza hali. Nimesikia umeuza kamera na lile pazia lenye maua. Pole sana, nasema kwa moyo. Akina mama wanatafuta mtu wa mizani. Wameniuliza kama nakuamini, nikawaambia nakuamini. Mnada ni keshokutwa, gari linapita kwako asubuhi. Ukijifungia ndani, nitasimama chini ya dirisha lako na kusimulia mpaka utoke.