Bibi wa Miaka Sabini

Kwenye basi la kutoka Havana kwenda Guanabacoa, Odalys aliketi nyuma ya wazee wawili wasiojuana, akajuta kutobeba pamba ya masikio.

"Chevrolet yangu ya mwaka hamsini na tano ina injini ile ile iliyozaliwa nayo," alitamba Evelio. "Ikinguruma, mtaa mzima unageuka!"

"Na inabugia petroli kama mlevi siku ya sherehe," alijibu jirani yake wa kiti, Reinerio. "Buick yangu nimeitia injini ya trekta la Kirusi. Inapanda mlima na abiria wanane, bwana, wala haihemi."

"Na kwenye breki umetia mafuta gani?"

"Shampuu ya mke wangu."

"Kumbe! Basi ikipita lazima inanukia kama saluni!"

Odalys akashindwa kuvumilia. "Babu zangu, magari mazuri hivyo, mbona mko basini?"

"Langu linapumzika," alisema Evelio bila haya. "Bibi wa miaka sabini humkimbizi kila siku, mwanangu."

"Hapo umesema," aliguna Reinerio.

Katikati ya mlima basi likakohoa, likazimika. Reinerio akamuuliza dereva lina umri gani.

"Miaka mitano, mzee."

Wazee wakatazamana kwa huruma. "Masikini," wakasema pamoja, "bado linanyonya."