Profesa Aliyekosea kwa Makusudi

Tarehe 31 Mei, baada ya miaka ishirini na sita ya kufundisha biolojia katika Chuo Kikuu cha Los Mezquites, Profesa Eloísa Treviño atakabidhi funguo za maabara na kustaafu. Ametuonya kwamba hataki maua, hataki saa ya ukutani na hataki hotuba. Maua tumeshaagiza. Saa pia. Hotuba ndiyo hii.

Profesa ni mtoto wa hapa hapa bondeni, mpakani na Meksiko, binti wa fundi cherehani. Kwao alikuwa wa kwanza kupata shahada ya uzamivu, na aliporudi kufundisha alirudi na hasira zake. Aliwakuta vijana wa uzamili, watoto wa wavuna vitunguu na wafungasha machungwa, wakitafiti vizuri kabisa magonjwa yanayowamaliza shangazi zao, kisha wakiishia hapo. Hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba safari inaendelea, wala inaanzia wapi. Akaanzisha Mradi wa Daraja, wa kuwaandaa kwa masomo ya uzamivu katika sayansi za tiba. Ofisi yake ya kwanza ilikuwa stoo ya darubini mbovu, na baadhi ya darubini hizo bado zipo.

Mwaka wa kwanza ulikuwa wa aibu. Wanafunzi wake bora walikwenda kwenye usaili wa vyuo vya kaskazini, wote wakarudi mikono mitupu. Profesa akapiga simu kuuliza kulikoni. Kila alikopiga aliambiwa yale yale: wana akili, wana adabu, lakini ukiwabishia wanakubali. Kumbe ndivyo tulivyowalea. Kwetu mtoto hamkatalii mtu mzima, hata mtu mzima akisema jua linachomoza kusini, upande wa Meksiko. Huko kaskazini profesa anakubishia makusudi, apate kujua kama kazi ni yako. Ukiitikia tu, umekwisha.

Ndipo kikazaliwa Kikaango. Hilo ni jina la wanafunzi, yeye aliliita zoezi. Mwanafunzi anasimama mbele ya ubao, bila kompyuta, bila picha za kujifichia, anaeleza utafiti wake. Profesa anasikiliza kwa makini, kisha anayarudia matokeo hayo akiwa ameyapotosha. Haondoki mtu ubaoni mpaka amkatalie. Mkuu mpya wa kitivo aliwahi kuketi nyuma akamsikia akikosea mara tatu mfululizo, akatoka kuniuliza mimi, msimamizi wa maabara, kwa kunong'ona kama Profesa amepimwa kichwa siku za karibuni.

Wengi Kikaango kiliwaunguza kidogo tu. Nereida Longoria kilimshinda. Nereida alitafiti dawa ya kuzuia kisukari kisiharibu figo, na aligundua jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: dawa iliwasaidia panya majike, madume haikuwagusa. Kazi safi. Lakini alikuwa mpole mpaka inauma kumtazama. Vyuo vyote alivyoomba vilikuwa vimemkataa, isipokuwa kimoja kilichomwita kwenye usaili. Ndege ilikuwa kesho yake asubuhi. Baba yake, Bwana Abelardo, alikuwa amesema waziwazi: hii ikishindikana, binti arudi nyumbani, kazi ya kiwanda cha kufungasha ipo.

Mchana ule tulikuwa wote chumbani. Nereida akaeleza, akamaliza, akashusha macho.

"Kwa hiyo dawa yako iliwasaidia panya wote," Profesa akasema.

"Ndiyo, Profesa."

"Majike kwa madume."

"Ndiyo, Profesa."

"Tena madume zaidi."

Nereida akaugeukia ubao. Mchoro wake mwenyewe ulikuwa pale, unasema kinyume. "Ndiyo, Profesa," akasema. Nilitamani kumpigia kelele. Profesa mwenyewe alikuwa ameuma meno, maana alijua, kama sote tulivyojua, kwamba kesho hakutakuwa na wa kumsaidia.

Wakati huo huo Bwana Abelardo akafika kumchukua binti yake, akasimama mlangoni, kofia mkononi. Profesa akamwona. Akageuza kiti.

"Afadhali umekuja, Bwana Abelardo. Pole kwa usumbufu wa muda wote huu. Kazi hii binti yako hakuifanya. Amefanyiwa na walimu wake."

Mzee yule alikuwa amemleta Nereida maabara kila Jumapili kwa majira mawili ya baridi, akimsubiri ndani ya gari akiwa na kahawa yake, wakati binti anahudumia panya. Akafungua kinywa, akakifunga. Alikuwa mbele ya profesa, na yeye pia alilelewa kama alivyomlea binti. Akamtazama Nereida.

"Hapana, Profesa," Nereida akasema. "Si hivyo."

"Nini si hivyo?"

"Kazi ni yangu! Panya nimewatunza mimi, figo nimezipima mimi, na dawa haikuwasaidia madume hata mmoja. Umesema uongo mara nne na baba yangu anasikia!"

Akaanza kulia, lakini akilia hivyo hivyo akarudi ubaoni akaeleza upya kila kitu, na safari hii kila Profesa alipojaribu kumpotosha alirushiwa jibu kabla hajamaliza. Mwishowe Profesa akainuka, akamkumbatia, akamwomba baba mtu radhi. Bwana Abelardo akavaa kofia yake.

"Nimekuelewa, Profesa," akasema. "Ila wewe mtoto, hayo ya ubaoni yaishie ubaoni. Nyumbani usijaribu."

Huko kaskazini mmoja wa wasaili alikosea matokeo yake, na Nereida akamkatalia. Alirudi akiwa na hakika kwamba amejiharibia, na wiki zile za kusubiri Profesa hakula vizuri, akatufokea wote kwa makosa yasiyo yetu. Simu ilipokuja kwamba Nereida amepokelewa, Profesa alijifungia stoo na zile darubini mbovu kwa muda mrefu. Alipotoka alisema ni vumbi.

Leo Dakta Nereida Longoria amerudi kwetu, na kuanzia Juni ndiye mkuu wa Mradi wa Daraja. Wiki iliyopita, katika kikao chake cha mwisho, Profesa alituambia tusijisumbue na sherehe. Alisema vijana walijivusha wenyewe, yeye alikuwa anawasumbua tu, na tamale zetu za unga wa mahindi za Krismasi zitapikwa sisi tukiwa tumeshamsahau. Watu wazima chumbani tukainamisha vichwa kwa adabu, kama tulivyolelewa.

Kiti kikasogezwa kule nyuma.

"Hapana, Profesa," akasema Nereida. "Si hivyo. Na ushahidi ninao."

Ushahidi ulikuwa umeketi pande zote za meza: wale aliowasumbua ubaoni. Profesa alitutazama mmoja mmoja, akasema chumba kile kina vumbi.

Asante, Profesa Treviño. Kapumzike kwa raha na afya njema, na maisha yawe matamu kwako kuliko ulivyoyafanya yetu pale ubaoni. Ukibisha, jibu letu unalijua.

Delfina Quiroga, msimamizi wa maabara, kwa niaba ya wote waliopita kikaangoni